Widzew Łódź: timu ilikufa, mashabiki wakagoma kuzika

Wadau, wengi wetu jina la Widzew tunakutana nalo kwenye mkeka. Mtu ana mechi zake nne za uhakika, anatafuta ya tano ya kujazia, macho yanaangukia Poland. Widzew Łódź wako nyumbani. Anawapa ushindi, analipa, anaondoka. Mkeka ukichanika anawatukana wiki nzima bila hata kujua ni timu ya mji gani.

Sasa naomba dakika kumi zako hapo ulipo, kabla muda wako wa kompyuta haujakata, nikueleze hawa ni akina nani. Hawa ni watu waliowahi kuitoa Manchester City, wakaitoa Manchester United, wakaitoa Juventus, wakaitoa Liverpool. Halafu wakafilisika mpaka wakaangukia daraja la tano, wanacheza na timu za vijijini. Na huko huko chini, bila kombe, bila staa, ndiko walikouza tiketi za msimu kwa maelfu ambayo timu nyingi za Ligi Kuu ya kwao hazijawahi kuyaona. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha nikaandika.

Kwanza tumalizane na jina, maana najua linakutoa jasho. Hiyo Ł yenye kijiti inasomeka kama "w" yetu, ó inasomeka "u", na mwisho ni kama "ch" laini. Kwa hiyo mji unaitwa "Wuch". Timu ni "Vidzef". Na neno łódź kwa Kipolandi maana yake ni mashua. Watu wa Tanga na Mombasa mtacheka: mji uko katikati ya nchi kavu, bahari iko mbali, mto wa maana hakuna, lakini nembo ya mji ni mashua. Sijui wanavua nini.

Walichokuwa nacho ni viwanda vya nguo. Karne ya 19, wakati sehemu ile ya Poland iko chini ya Urusi, Łódź ilikua kutoka kamji kadogo mpaka mji mkubwa wa pamba, moshi na mabomba marefu ya tofali. Watu waliuita Manchester ya Poland. Wapolandi, Wajerumani, Wayahudi na Warusi, wote walikuja kutafuta riziki pale. Wenye viwanda walijenga majumba kama ya wafalme, na wafanyakazi wakabanana kwenye nyumba za chumba kimoja. (Hao Wayahudi uwakumbuke, tutarudi kwao, na hatutarudi kwa furaha.)

Widzew wakati ule ilikuwa kitongoji nje kidogo ya mji, kina kiwanda kikubwa cha pamba na watu wake. Ilikuja kuunganishwa na mji baadaye. Mwaka 1910 watu wa pale wakaandikisha klabu ya michezo, vita ya 1914 ikaja ikavuruga kila kitu, na Januari 1922 ikaanzishwa upya kwa jina la Robotnicze Towarzystwo Sportowe Widzew. Maana yake Chama cha Michezo cha Wafanyakazi. Kwa kifupi RTS. Hizo herufi tatu ziweke mfukoni, mbele zitakuja kufanya kazi.

Mjini tayari kulikuwa na klabu nyingine, ŁKS, ya mwaka 1908. Hao ndio watani wa jadi. ŁKS walijiona ndio timu ya mji wenyewe, Widzew wakawa timu ya watoto wa kiwandani. Siku hizi huo mgawanyo wa kazi na pesa haupo tena kama zamani, lakini chuki ilibaki na ikazaa wajukuu.

MIAKA YA NJAA, HALAFU BONIEK

Kwa miaka mingi Widzew haikuwa kitu. Mwaka 1948 walipanda ligi kuu, wakashika mkia, wakashuka. Kurudi iliwachukua mpaka 1975. Hesabu mwenyewe, ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku wanashuka alishakuwa baba wa watoto wawili.

Na hapa lazima uelewe mpira wa enzi za ukomunisti ulivyoendeshwa. Kila klabu kubwa ilikuwa na mlezi. Legia ya Warszawa ilikuwa ya jeshi. Ukiwa kijana unajua kusakata kabumbu, umri wa jeshi ukifika, barua inakuja na unajikuta unachezea Legia. Wisła ya Kraków ilikuwa chini ya polisi. Górnik Zabrze walikuwa na migodi ya makaa, Lech Poznań walikuwa na reli. Widzew walikuwa na viwanda vya nguo, na nguo hazikuwa na ubavu wa makaa wala wa bunduki.

Lakini walikuwa na mtu anaitwa Ludwik Sobolewski. Huyu bwana ndiye aliyeiongoza klabu, na wenyeji mpaka leo wanamtaja kwa heshima kuliko wachezaji wengi. Alichokuwa anafanya ni kutafuta vijana ambao wengine hawajawaona, au waliogombana na viongozi kwao, anawaleta Łódź. Mwaka 1975 akamchukua kijana wa miaka 19 kutoka Bydgoszcz. Jina lake Zbigniew Boniek.

Miaka miwili baadaye Widzew wakashika nafasi ya pili na wakaingia Kombe la UEFA kwa mara ya kwanza. Kura ikawapeleka Manchester City. City wakatangulia mbili bila nyumbani kwao. Boniek akarudisha zote mbili. Marudiano suluhu, City nje kwa bao la ugenini. Ulaya nzima ikaanza kuulizana hawa ni akina nani.

Msimu wa 1980/81 wakapewa Manchester United. Sare ya 1-1 Old Trafford, suluhu nyumbani, United nje. Wakapewa Juventus. Wakashinda 3-1, wakafungwa 3-1, mikwaju ya penalti ikaamua, Juventus nje. Waliokuja kuwazima ni Ipswich Town kwa kipigo cha tano bila, na Ipswich hao hao ndio waliochukua kombe. Lakini msimu huo huo Widzew wakawa mabingwa wa Poland kwa mara ya kwanza, 1981, na 1982 wakarudia.

Sasa simama hapo kidogo uangalie mji wenyewe ulikuwaje. Ubingwa wa kwanza ulikuja Juni 1981. Mwisho wa Julai, maelfu ya wanawake wa Łódź, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliandamana barabara kuu ya mji na watoto wao kwa sababu madukani hakuna chakula. Inaitwa maandamano ya njaa. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza utawala wa kijeshi, vifaru barabarani, viongozi wa Solidarność gerezani. Ubingwa wa pili ulichukuliwa katika hali hiyo. Kwa hiyo mzee wa Łódź akikwambia timu ile ilikuwa kila kitu kwake, hakuna chumvi hapo. Vingine vyote vilikuwa kwa foleni na kuponi.

Kuna kisa kimoja cha kipindi kile nakipenda. Novemba 1980 timu ya taifa inasafiri kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Kipa wa Widzew, Józef Młynarczyk, alikesha kwenye kilevi na asubuhi akafika akiwa hoi. Kocha akamwambia hakuna safari. Wachezaji watatu wakasimama kumtetea: Boniek na Władysław Żmuda wa Widzew, na Stanisław Terlecki. Terlecki alikuwa wa ŁKS! Mtani wa jadi ndiye aliyempeleka Młynarczyk uwanja wa ndege. Wote wakafungiwa na chama cha mpira. Adhabu ikaja kulegezwa, na Boniek, Żmuda na Młynarczyk wakaenda Kombe la Dunia 1982 wakarudi na nafasi ya tatu. Terlecki akaishia Marekani, timu ya taifa ikampita.

Huyo Młynarczyk msimhukumu kwa usiku mmoja, mwaka 1987 alichukua Kombe la Ulaya akiwa na Porto.

LIVERPOOL

Najua mashabiki wa Liverpool mnasoma huku mmenuna, kwa hiyo twende haraka... hapana, twende polepole.

Msimu wa 1982/83. Boniek keshauzwa Juventus kwa kama dola milioni 1.8. Żmuda beki keshaenda Italia naye. (Kocha mpya naye aliitwa Władysław Żmuda, hawana undugu, ni majina tu yamegongana.) Kila mtu alisema Widzew wamekwisha. Robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya wanapewa Liverpool ya Bob Paisley, ya Dalglish na Souness na Ian Rush. Liverpool ambayo ilikuwa imelichukua kombe hilo mara tatu ndani ya miaka sita.

Machi 1983, Łódź. Golini kwa Liverpool yuko mtu wetu, Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe. Krosi inakuja, Grobbelaar anataka kuudaka kwa mkono mmoja kwa mbwembwe zake, mpira unamponyoka, Mirosław Tłokiński anausukuma ndani. Wiesław Wraga akaongeza la pili. Anfield marudiano Liverpool wakafunga matatu, lakini Tłokiński kwa penalti na Włodzimierz Smolarek walishawaua. 4-3 kwa jumla. Widzew nusu fainali.

Na nusu fainali wakakutana na nani? Juventus. Ya Platini, ya Rossi, na ya Boniek wao wenyewe. Wakafungwa 2-0 Turin, wakatoka 2-2 nyumbani. Mpaka leo hakuna timu ya Poland iliyofika nusu fainali ya kombe hilo tena.

VIWANDA VINAKUFA

Miaka ya 1990 ukomunisti umeanguka, na soko la Urusi lililokuwa linanunua nguo za Łódź limeanguka nalo. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Waliofanya kazi maisha yao yote kwenye mitambo ya kusuka, wengi wanawake, wakajikuta mtaani. Mji ulikuwa na watu zaidi ya 800,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, leo hawafiki 700,000. Vijana walikimbilia Warszawa, wengine Uingereza na Ireland.

Katikati ya huo msiba Widzew wakapata uhai wao wa pili. Kocha Franciszek Smuda, mwaka 1996 mabingwa bila kufungwa hata mechi moja. Wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuitoa Brøndby ya Denmark kwa bao la ugenini, mechi ambayo mtangazaji wa redio alikuwa anamlilia refa, Mturuki, apulize filimbi jamani imalizike. Kila Mpolandi wa umri fulani anaweza kukuigizia ile sauti. Kwenye kundi walikutana na Atlético Madrid, Steaua ya Bucharest na Borussia Dortmund. Walimaliza wa tatu na pointi nne, lakini walitoka 2-2 na Dortmund, na Dortmund ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Ulaya msimu huo.

Halafu 18 Juni 1997. Mechi iliyoamua ubingwa, ugenini Warszawa kwa Legia. Dakika ya 87, Legia wanaongoza 2-0. Mashabiki wa Legia wanaimba, wengine wameanza kujipanga waingie uwanjani kushangilia. Sławomir Majak akafunga. Dariusz Gęsior akafunga. Andrzej Michalczuk akafunga. 3-2. Ndani ya dakika chache kombe likahama mji.

Wenyewe wana msemo, tabia ya Kiwidzew, yaani hukati tamaa mpaka refa aondoke uwanjani. Timu nyingine wanawacheka kwamba wanajisifu, lakini siku ile wanayo kwenye mkanda, kila mtu anaweza kuiangalia.

Huo ndio ubingwa wao wa nne na wa mwisho mpaka sasa.

JINSI YA KUUA KLABU

Hapa nitapita haraka kwa sababu stori yenyewe unaijua, hata timu ya mtaani kwenu imepita humo. Madeni. Wadhamini wa maneno. Wenye timu wanabadilika. 2004 wakashuka, 2006 wakapanda, 2008 wakashuka tena. Kashfa ya kupanga matokeo iliyofagia mpira wote wa Poland ikawakuta na wao. Mwaka 2009 walimaliza wa kwanza kwenye daraja la pili, lakini kwa sababu ya adhabu ya hiyo kashfa hawakupandishwa. Wakakaa chini, wakacheza msimu mwingine, wakamaliza wa kwanza tena, ndio wakapanda. 2014 wakashuka, 2015 wakashuka tena, na safari hii kampuni iliyokuwa inamiliki timu ilikuwa imefilisika kabisa.

Ongeza na hili: uwanja wao wa zamani ulikuwa umeanza kubomolewa mwaka huo huo ili manispaa ijenge mpya. Kwa hiyo kiangazi cha 2015 Widzew walikuwa hawana kampuni, hawana wachezaji, hawana uwanja. Kulikuwa na shimo la udongo na jina.

Kikundi cha watu wa Łódź kikaunda chama kipya. Wakakipa jina Reaktywacja Tradycji Sportowych, yaani Kufufua Desturi za Michezo. Chukua herufi za mwanzo. R, T, S. Zile zile za wafanyakazi wa 1922. Maneno yamebadilika lakini ukutani unaandika kitu kile kile. Mimi niliyeishia kidato cha nne nilikaa nikaitazama hiyo nikasema hawa watu wana akili.

Chama kikapewa nafasi kwenye kinachoitwa IV liga. Usichanganyikiwe na namba: Poland ligi ya juu inaitwa Ekstraklasa, ya pili ndiyo inaitwa I liga, kwa hiyo IV liga ni daraja la tano. Ligi ya mkoa. Viwanja vingine ni majani, uzio na benchi. Mabingwa mara nne wa nchi wanafika na basi, wenyeji wanapiga picha.

Msimu wa kwanza wakapanda. 2016/17 wako daraja la nne, na nani yuko pale? ŁKS! Maana nao walikuwa wamefilisika 2013 na kuanza upya kutoka chini. Timu mbili zilizowahi kuwa mabingwa wa nchi, mji mmoja, debi daraja la nne. Ungekuwa wewe si ungecheka na kulia pamoja?

Machi 2017 uwanja mpya ukafunguliwa. Unachukua watu 18,018, na wanauita Moyo wa Łódź. Mechi ya kwanza ilikuwa na Motor Lubawa. Lubawa ni kamji ka watu kama 10,000. Uwanjani walikaa zaidi ya 17,000. Yaani ungewahamisha watu wote wa mji wa wageni, vikongwe na vichanga, wasingejaza viti vya siku ile.

Sasa unaweza kusema ni siku ya uzinduzi, kila mtu anataka kuona kitu kipya. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini angalia kilichofuata. 2018 wamepanda daraja la tatu, wameuza tiketi za msimu zaidi ya 15,000. Tiketi ya msimu maana yake umelipa mapema, kabla hujajua kocha ni nani na straika ni nani, unalipia mechi za baridi kali na mechi mbovu pia. Daraja la tatu! Na mechi mbovu zilikuwepo tele, kuna msimu walikuwa na nafasi ya kupanda wakaichezea wenyewe mpaka ikapotea. Mwaka uliofuata watu wakanunua tena.

Huku kwetu tumezoea kusema shabiki ni mchezaji wa kumi na mbili. Kule alikuwa ni mhasibu. Pesa ya hizo tiketi ndiyo iliyokuwa inalipa mishahara, kwa sababu tajiri hakuwepo na mapato ya televisheni kwa madaraja yale ni ya kuhurumia. Na kumbuka ni mji gani huu. Ni mji uliopoteza kazi na kupoteza vijana. Kwa familia nyingi jina la Widzew ndicho kitu pekee kilichobaki kutoka enzi za kiwanda, babu alisuka pale, mjukuu anaimba pale. Kiwanda kimegeuzwa maghorofa ya kupangisha.

UPANDE WA PILI WA SKAFU

Ningeishia hapo mngenipongeza, lakini ningekuwa nimewaficha nusu.

Wapolandi wana maneno mawili. Kibic ni shabiki. Kibol ni yule mwingine, wa fujo. Pale Widzew, kama ilivyo kwa klabu zote kubwa za Poland, wote wawili wamo na mara nyingine wanakaa jukwaa moja. Upande wa waimbaji wao unaitwa Chini ya Saa. Kazi yao ikiwa nzuri ni noma: wanatandaza vitambaa vikubwa kufunika jukwaa zima, ngoma, sauti ya uwanja mzima mara moja. Ukitazama picha zao tu vinyweleo vinasimama.

Lakini pia kuna kitu kinaitwa ustawka. Makundi ya timu mbili yanapeana miadi, idadi sawa, msituni mbali na polisi, wanapigana mpaka upande mmoja ulale. Wanafanya mazoezi kwa ajili hiyo kama mabondia. Na kuna ramani nzima ya urafiki na uadui: mashabiki wa Widzew ni ndugu wa mashabiki wa Ruch Chorzów, ndio maana Machi 2024 timu hizo zilipokutana kwenye uwanja mkubwa wa Silesia walijaa watu zaidi ya 50,000, ikawa kama harusi. Hiyo ndiyo sura nzuri ya ramani. Sura mbaya ni kwamba ukivaa skafu isiyo yake kwenye mtaa usio wako, Łódź, unaweza kuumizwa vibaya.

Na kibaya kuliko vyote kiko kwenye kuta. Kwa miaka na miaka mashabiki wa Widzew na wa ŁKS wamekuwa wakichorana, na tusi wanalotumia pande zote mbili ni neno "Yahudi". Nyota ya Daudi juu ya nembo ya mwenzako. Wanakwambia hawamaanishi kitu, ni utani wa mpira.

Sasa rudi kwa wale Wayahudi niliokuambia uwakumbuke. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, kama theluthi moja ya watu wa Łódź walikuwa Wayahudi. Mwaka 1940 Wajerumani waliwafungia kwenye gheto, na kwa ujumla zaidi ya watu 200,000 walipitishwa humo. Walifanyishwa kazi, walikufa kwa njaa, walisombwa kwa treni kwenda Chełmno na Auschwitz. Agosti 1944 waliobaki wakamalizwa kupelekwa. Hao waliokuwa wanaijaza Łódź wamebaki wachache sana, na jina lao likabaki kama tusi la kuchora ukutani na rangi ya kopo, na kijana ambaye labda maisha yake yote hajawahi kukutana na Myahudi hata mmoja.

Hapo hakuna utani. Na sisi tusijifanye watakatifu, tunajua tunavyoitana viwanjani na kwenye vibanda umiza. Haki yao pia niwape: kuna wakazi wa Łódź, vijana wa shule wakiwemo, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitoka na ndoo za rangi kufuta hayo maandishi. Wanafuta, yanarudi, wanafuta tena.

WAMEFIKA WAPI

2020 walipanda daraja la pili. 2021 mfanyabiashara Tomasz Stamirowski akachukua hisa nyingi za timu. Mei 2022 wakarudi Ekstraklasa, miaka saba kutoka lile shimo la udongo, na watu wakavamia uwanja mzima kwa furaha. Msimu wa 2023/24 ŁKS nao walikuwepo ligi kuu, debi ikarudi pale ilipotakiwa kuwa, halafu ŁKS wakashuka tena. Widzew wenyewe tangu warudi hawajatisha sana, wamekuwa katikati ya msimamo na mara nyingine chini ya hapo.

Halafu mwaka 2025 mambo yakabadilika. Timu ikachukuliwa na Robert Dobrzycki, tajiri aliyetengeneza pesa kwa kujenga maghala makubwa ya bidhaa, na akaanza kununua wachezaji kwa bei ambazo Poland hawajazizoea. Timu ya wafanyakazi sasa ina bosi mwenye hela kuliko mabosi wengi wa ligi ile.

Mimi hapo roho yangu iko mbili. Nataka wachukue ubingwa wa tano, kwa haki kabisa, wamesota. Lakini 2015 walishaona mwenye timu anavyoweza kuondoka na kuacha jina tu, na waliobaki kuokota lile jina ni wale wale wenye tiketi za msimu. Wewe ungekuwa umekaa Chini ya Saa tangu daraja la tano, ungemshangilia tajiri, au ungemuangalia kwanza? Tiririka hapo chini, ila mashabiki wa Liverpool matusi hapana.